Uso wa Lillian Umejaa

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Mugenzi ameweka begi mbele yake, na mkewe Lillian amekaa nyuma. Walikuwa wanatoka mtaa wa Batsinda, Kigali, kwenda stendi ya mabasi. Mimba ilikuwa na miezi minane. Lillian alitaka kuzalia kwa mama yake, mbali kule Nyagatare.

Majirani wakamuaga kwa sifa.

"Eh, umependeza! Uso umejaa!"

"Mugenzi anakulisha, bwana!"

Mugenzi akacheka kwa fahari. Gaudiose, mhudumu wa afya wa mtaa, hakucheka. Alinyoosha mkono akazima pikipiki.

"Lillian, pete yako iko wapi?"

"Haiingii, mama. Vidole vimenenepa."

"Kichwa je?"

"Kinauma tangu juzi. Na macho yanaona vimulimuli."

"Na umenyamaza?"

"Si ni mimba tu? Kila mtu anasema nimenona."

"Huku si kunona, mwanangu. Miguu kuvimba kidogo, wengi huvimba. Lakini uso na mikono, pamoja na kichwa na vimulimuli, hiyo ni hatari. Inaweza kuwa presha ya mimba. Degedege ikikushika ndani ya basi, tunawapoteza wote wawili."

"Basi la saa nne litatuacha," Mugenzi akasema.

"Liwaache!"

Gaudiose akafungua begi. Ndani kulikuwa na sukari, mchele na kitenge cha mama mkwe.

"Nguo za mtoto ziko wapi? Atavaa mchele?"

"Bado wiki nne, mama."

"Nani amekuahidi hizo wiki? Mimba ikifika miezi saba, begi liwe tayari. Nguo za mtoto, kanga safi, kitabu cha kliniki, kadi ya bima. Mjue mtazalia wapi, nani atamsindikiza, mtapanda gari gani. Haya, teksi ile pale. Twendeni!"

Kwenye kituo cha afya, muuguzi akapima presha. Akapima tena. Ilikuwa juu sana. Akapima na mkojo.

"Unaenda hospitali sasa hivi," akasema. "Nimeshaita gari la wagonjwa."

Lillian akashika tumbo. "Na mtoto? Yuko hai?"

 Muuguzi akachukua kifaa kidogo, akakiweka tumboni, akakisogeza polepole. Mwanzoni ilisikika kelele tu, kama upepo. Halafu chumba kizima kikajaa mlio. Tu-tu-tu-tu! Kasi sana, kama miguu mitupu inayokimbia.

Mugenzi akavua helmeti yake.

"Ndiyo yeye huyo?"

"Ndiye mwenyewe."

"Anakimbia hivyo usiku na mchana?"

"Tangu mimba ya wiki chache tu. Hajapumzika hata mara moja."

 Mwanamke mmoja amelala kitandani, na ndani yake mioyo miwili inapiga, mmoja polepole, mmoja mbio. Gaudiose amesikia mlio huo mara nyingi. Hata yeye alisimama tu, mkono mdomoni.

Hospitali walimpa Lillian dawa ya kushusha presha na sindano ya kuzuia degedege. Kesho yake mchana madaktari walimzalisha.

Mtoto ni msichana, kilo mbili na robo. Anaitwa Mahoro. Lillian alikaa wodini siku sita. Presha yake inapimwa bado. Mama yake alikuja Kigali kwa basi, akakaa miezi miwili. Mugenzi bado anabeba abiria kwa pikipiki yake. Gaudiose sasa anawatembelea wajawazito watano, na kila mmoja anamfungulia begi lake.