Sensa ya Hewa ya Lori la Sang-mok

Kabichi mia tisa zilitapakaa barabarani, na katikati yake lori la Tak Sang-mok lilikuwa limelala ubavu. Dereva alitolewa hai, miguu yote miwili imevunjika.

"Nilikuwa nalipita trekta mlimani," aliwaambia polisi. "Lori likaishiwa nguvu ghafla, na basi la abiria linanijia. Nikakata kona mtaroni."

Siku ya tatu Fundi Seon Byeong-ho akatiwa mahabusu. Ndiye aliyefunga sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa iingiayo, kwenye injini ile wiki mbili kabla, na sensa yenyewe ilikuwa ya mtumba. Sajini Bang aliichomoa kwenye bomba lake, akaona si mpya, akafunga jalada. Bang ni mtu mwema, ila akili yake huwahi kwenda kula kabla yake.

Inspekta Pyo Gi-yeong akalifungua tena. Jeshini alikuwa fundi wa malori, na kesi inayokwisha upesi namna hiyo ilimwasha mwilini.

"Sensa ni ya mtumba, ndiyo au siyo?" alimuuliza Seon mahabusu.

"Ndiyo, Afande. Sang-mok mwenyewe aliitaka. Niliipima kabla ya kuifunga."

"Kila aliyelala humu huniambia alipima."

"Basi usiniulize mimi, liulize lori!" Seon alifoka. "Chama cha wasafirishaji kimefunga kinasa data kwenye kila gari. Kila sekunde imo. Nikifungwa mimi, karakana yangu ya miaka ishirini na sita imekwisha."

Pyo alikaa na data zile asubuhi nzima, tambi zake zikapoa bakulini. Kuna kitu kilimchekesha, kisha kikamsumbua.

"Bang, njoo. Mlimani shinikizo la tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, liko juu, maana yake hewa inaingia tele. Lakini sensa inasema hewa imepungua nusu. Kompyuta ya injini ikaiamini, ikabana dizeli. Lori likafa nguvu."

"Si ndivyo nilivyosema, mkubwa? Sensa mbovu!"

"Punguza haraka. Sensa ikichakaa, huharibika kidogo kidogo. Hii imesoma vizuri siku kumi na mbili. Jumanne lori limezimwa likiwa zima. Jumatano limewashwa, na kila likivuta kwa nguvu hewa inarukaruka: inashuka, inapanda, inashuka. Likinguruma limesimama, hakuna tatizo."

Wakaifunga sensa ile kwenye lori la polisi la aina hiyohiyo, wakapanda nalo mlima uleule. Ilisoma sawasawa hadi kileleni. Bang akajikuna kisogo.

"Jumanne hiyo lori lililala wapi?" Pyo aliuliza.

"Kwao. Uani kwa mama yake."

Mama Sang-mok hakuhitaji kuitwa. Kila siku alifika kituoni kuuliza Seon atahukumiwa lini.

"Inspekta, yule aliyetaka kumuua mwanangu bado anakula wali wa serikali?"

"Karibu, mama. Twende uani hapa kituoni kwanza, kwenye lori lake, kuna kitu nataka tukione sote."

Seon aliletwa na pingu zake. Pyo akafungua boneti, akabandua vibanio vinne vya kisanduku cha chujio la hewa. Havikuhitaji hata bisibisi. Juu ya chujio, jirani na mahali pa sensa, alikuwa amebanwa samaki mkavu wa kinga, yule anayefungwa uzi mweupe gari jipya linapoombewa heri. Ncha moja ya uzi ilikuwa imelegea. Pyo alipuliza kidogo tu. Uzi ukainuka, ukaingia kwenye bomba la sensa, palepale ambapo ungeizuia hewa isipimwe.

Seon akafumba macho.

"Nani alimweka humu?"

"Mimi," Mama Sang-mok alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini humu?"

"Nilimweka chini ya kiti, Sang-mok akamtupa. Eti gari linanuka, wenzake wanamcheka. Nikaweka mwingine, akamtupa tena! Nikatafuta mahali asipofungua. Kisanduku hiki kina karatasi tu ndani, nikajua hakina kazi." Machozi yakamtoka waziwazi. "Baba yake alifia kwenye mlima huohuo, Inspekta. Lori lake halikuwa na samaki, kwa sababu nilisahau kumnunua. Miaka kumi na tisa najilaumu."

"Mama," Seon alisema, na hasira yake yote ilikuwa imekwisha, "ungeniambia mimi. Ningemfunga mahali pazuri."

Pyo alikuwa akimfungua pingu simu ya mama ilipolia. Kwa haraka ya kupokea akabonyeza kipaza sauti, na sauti ya Sang-mok ikatoka hospitalini.

"Mama, vipi, wameshamfunga yule Seon?"

Mama Sang-mok alimtazama fundi akisugua vifundo vya mikono vilivyochubuka.

"Wamemwachia, mwanangu," alisema. "Aliyeangusha lori lako ni mimi."