Barua ya Saa Mbili na Dakika Kumi

Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Darlene Hruska, karani wa mapokezi, alifungua kliniki ya tiba ya viungo mjini Erie, akawasha taa, akamkuta Glenda Ruszkowski, mtaalamu wa viungo wa hapo, amelala chali kati ya vile vyuma viwili ambavyo wagonjwa hushikilia wakijifunza kutembea upya. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa. Kwenye rafu ya mazoezi, chuma kimoja cha pauni kumi kiling'aa kwa usafi. Vingine vyote vilikuwa na vumbi.

Sajenti Odessa Trimble alifika saa moja na robo, akichechemea. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa ya bandia tangu mwaka uliopita. Saa ya Glenda, ile ya kuhesabu mapigo ya moyo, ilikuwa imeandika pigo la mwisho Jumatatu jioni, saa moja na dakika ishirini na sita. Ndani ya mkoba wake wa chakula mlikuwa na tofaa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Odessa alizisoma, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi, asimwambie mtu yaliyomo.

Alianza na mwenye kliniki, Wendell Pratt, naye pia mtaalamu wa viungo.

"Nasikia uligombana na Glenda wiki iliyopita."

"Tunagombana kila wiki, Sajenti. Mimi nataka wagonjwa wanne kwa saa, yeye wawili. Miaka kumi na tisa hiyo. Ningekuwa wa kumuua, ningemuua zamani."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye mechi ya binti yangu. Waulize wazazi walionisikia nikimtukana refa."

Odessa aliwauliza. Walimsikia, na bado walikuwa na hasira naye.

Kisha kompyuta ya mapokezi ikafunguliwa. Saa mbili na dakika kumi usiku wa Jumatatu, Glenda akiwa maiti kwa dakika arobaini na nne, barua yake ya kumpendekeza Brianne Hruska ilikuwa imetumwa kutoka hapo. Ilikuwa sifa na asali tupu. Brianne, binti wa Darlene, alikuwa msaidizi wa kliniki, mfua taulo na mpanguza vitanda, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kuomba chuo cha tiba ya viungo. Bila barua ya mtaalamu mwenye leseni, hakuna chuo kitakachokutazama. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

"Glenda alikunyima barua?" Odessa alimuuliza.

"Hakuninyima. Jana asubuhi aliniambia, 'Kwanza kuna jambo nilinyooshe.' Hakusema jambo gani."

"Na hii iliyotumwa umeisoma?"

"Sina ruhusa. Ukijaza maombi unatia sahihi kwamba hutaisoma. Usipotia, vyuo vinahisi una lako."

"Jioni ulikuwa wapi?"

"Ziwani, ndani ya gari. Peke yangu." Akajisikia mwenyewe alivyosema. "Unadhani ni mimi."

Mkuu wa Odessa alidhani hivyo, na alikuwa amepiga simu mara mbili: mkamate huyo binti, unangoja nini?

Odessa aliingia mapokezi, alipokaa Darlene na macho mekundu.

"Nani mwingine anajua nywila ya Glenda?"

"Sote, mpenzi. Ipo kwenye karatasi chini ya simu. Kompyuta alizichukia kama ukoma. Mimi ndiye ninayempigia chapa kila kitu, karibu miaka ishirini sasa."

Kulikuwa na sentensi moja katika ile barua iliyomkera Odessa. Akawaita wote watatu chumba cha mazoezi, mmoja mmoja, akajifunga kiunoni ule mkanda wa kumshikia mgonjwa.

"Nyonga mbovu ni ya kushoto. Nitembeze."

Brianne alisimama kushoto kwake, nyuma kidogo, akashika mkanda bila hata kufikiri. Wendell akafanya vilevile. "Mtu huangukia upande mbovu," alisema kwa kero. "Hilo tunalifundisha siku ya kwanza."

Darlene alikwenda kulia. "Huku kwenye mguu mzima, si ndiyo? Ndiko kwenye nguvu."

Saa tisa alasiri Odessa aliwaketisha wote watatu, akasoma ile barua iliyotumwa: "'Daima Brianne husimama upande ulio imara wa mgonjwa.' Glenda hawezi kuandika hivyo. Brianne hawezi. Wendell hawezi."

"Sijui tiba," Darlene akasema. "Kutojua ni kosa?"

"Si kosa. Ila mkuu wangu amekwishaandika jina la mtu wa kukamatwa, nalo ni la Brianne. Barua ni ya kumfaa yeye, na jioni ile hakuonwa na mtu. Ukinyamaza, Darlene, nitamfunga pingu hapa hapa, mbele yako."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Darlene alimtazama bintiye.

"Mwache mtoto wangu," akasema.

"Mama?"

"Chuo kile kinataka saa mia mbili za kumfuata mtaalamu kazini. Wewe ulikuwa na mia na arobaini. Nikaongeza sitini nikatia sahihi ya Glenda. Akagundua. Jana jioni akaniambia ataandika hesabu ya kweli. Nilimsihi, Brianne. Miaka miwili nimekusikia ukilia bafuni na bomba umelifungulia. Yeye akanigeuzia mgongo, akaanza kupanga vyuma vyake. Kimoja kilikuwa karibu na mkono wangu."

Brianne alitoa sauti ambayo Odessa, kwa miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kuizoea.

Darlene alipokwisha kupelekwa na polisi, Odessa alichukua ule mfuko wa ushahidi wenye karatasi mbili.

"Hii ndiyo barua yake. Aliiandika kabla hajafa. Ukitaka, isome."

Brianne aliinua mkono kuipokea, kisha akaurudisha mapajani.

"Nilitia sahihi kwamba sitaisoma."

"Binti, hayo yamekwisha."

"Niambie kitu kimoja tu. Alitaja zile saa?"

"Mia na arobaini. Akasema hizo zinatosha, na kwamba chuo chako amekwishakipigia simu. Wamezikubali saa hizo."