Kilomita Tano za Mume Wangu

Siku niliyomkamata mume wangu, sikumkuta na mwanamke. Nilimkuta na kilomita tano.

Tano zilizozidi. Niliziona mwenyewe kwenye mita ya pikipiki yake, jua halijazama, yeye yuko ndani anavua buti na kuimba.

Anaimba, jamani.

Subirini niwaeleze vizuri, maana najua kuna wenzangu hapa mmeshaanza kuandika "achana naye". Tulieni kwanza.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yao iko mbali, kilomita ishirini kwenda, ishirini kurudi. Arobaini kwa siku. Nazijua kwa sababu daftari la oili ninalo mimi. Yeye akiachiwa, oili atabadilisha siku injini imeshazima njiani. Kwa hiyo kila jioni nachungulia mita, naandika. Arobaini. Arobaini. Arobaini na moja siku aliyopitia msibani. Nina ugonjwa wa kuandika, na mama yangu alikuwa nao.

Sasa ghafla, arobaini na tano.

Kesho yake, arobaini na tano. Keshokutwa, vilevile.

Ingekuwa leo tatu, kesho saba, ningesema anazurura. Lakini tano kila siku? Huyu alikuwa na pa kwenda.

Na alikuwa amejipenda kweli siku hizo. Hata pikipiki alikuwa ameipamba. Alitoa magurudumu yake ya spoku, akafunga rimu za sport za pikipiki ya aina nyingine kabisa. Hazikuingia kirahisi. Ekseli ilikuwa inacheza, ikabidi zichongwe bushi mpya za kuishikilia, na breki ya mbele ikamhangaisha fundi mpaka Jumapili jioni. Mimi nikamsifia. Pikipiki ilishuka chini kidogo, nikasema mume wangu kamfikiria mkewe mfupi.

Baada ya kuona zile tano nikajiuliza, mjinga mimi, mapambo yote yale ni ya nani?

Nikampelekea habari shoga yangu.

Shoga yangu ni fundi cherehani. Tunakaa ua mmoja, mlango wake unatazama mlango wangu. Miaka minne sasa. Chumvi yangu chumvi yake, na ufunguo wa chumba changu anao. Nilimkuta anapinda gauni, nikamfungulia daftari.

"Tano?" akauliza.

"Kila siku."

"Hukukosea kusoma?"

"Shoga, nimesoma siku nne mfululizo."

Akaacha kukanyaga cherehani. Macho yakamjaa machozi, mpaka ikabidi mimi mwenye shida nimbembeleze yeye.

"Wanaume hawa," akasema. "Hawatosheki."

Nikamkumbatia. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtu anayeumia nikiumia.

Tangu hapo kila jioni akawa ananisubiri mlangoni.

"Leo ngapi?"

"Zilezile."

Nikichelewa kusoma, ananikumbusha. Hata wazo la kumfuata lilikuwa lake.

"Omba ruhusa kazini siku moja tu," akaniambia. "Tumjue huyo mwanamke ni nani."

Nafanya kazi dobi, kwenye hoteli. Nikamdanganya msimamizi kuwa jino linaniua. Asubuhi hiyo nikakodi bodaboda wa kijiwe cha kona, mzee mmoja asiye na papara. Nikavaa helmeti kubwa na koti la mvua, na jua linawaka. Nililoa jasho kama niko mbele ya pasi zangu.

"Tunamfuata nani, mwanangu?" mzee akauliza.

"Mume wangu."

"Basi shika vizuri."

Mume wangu akaenda moja kwa moja karakana. Hakusimama hata kununua vocha. Nikakaa ng'ambo ya barabara kutwa nzima, namtazama. Anachomelea. Anakula amekaa kwenye kreti. Anarudi kuchomelea. Mzee wangu naye akalala kivulini, kofia usoni.

Jioni mume wangu akawasha pikipiki. Sisi nyuma yake. Kila njia panda najiambia... Sasa anakata kushoto. Hakukata. Sasa ndiyo. Hakukata.

Akafika nyumbani.

Nikateremka pale kona, nikasubiri aingie ndani, nikakimbilia uani kuchungulia mita.

Arobaini na tano.

Nilikuwa nyuma yake njia nzima. Nikarudi kijiweni nahema.

"Baba, yako imesoma ngapi kwenda na kurudi?"

"Arobaini."

"Yake arobaini na tano. Huu si uchawi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, ile pikipiki ina miguu ya kuazima. Nimeitazama njia nzima. Gurudumu la mbele si lake, ni dogo. Na ile mita inahesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, barabara yenyewe haiijui. Ukienda sokoni na mtoto, mnafika wote. Nani kapiga hatua nyingi?"

"Mtoto."

"Ndiyo hivyo. Mita yenu inahesabu hatua za mtoto."

Nikafungua daftari. Arobaini na tano ya kwanza niliiandika Jumatatu. Rimu zilifungwa Jumapili.

Nililia pale kijiweni, mbele za watu. Kisha nikaelekea nyumbani nacheka peke yangu njiani kama nimerukwa na akili. Mume wangu hana mtu. Mume wangu hana mtu.

Nikamkuta kitandani, anafungua kamba za buti. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, daftari, koti la mvua, jino la kusingizia.

"Nisamehe mume wangu. Nimekushuku bure."

Nilitegemea acheke. Au anigombeze, ningelistahili. Alibaki na buti moja mkononi.

"Inuka," akasema.

"Mpaka uniambie umenisamehe."

"Inuka, mke wangu. Usiniombe msamaha, utaniua."

Nikainuka. Akaongea akiwa ameinamia sakafu.

"Sijawahi kwenda kwa pikipiki."

"Kwenda wapi?"

Akanyanyua macho, akatazama mlango, na nje ya mlango, ng'ambo ya ua, cherehani ilikuwa inalia.

Jumamosi, akasema. Yeye Jumamosi anatoka kazini saa sita mchana, mimi narudi magharibi. Miezi minane sasa. Alisema maneno mengine mengi ambayo masikio yangu yalikataa kuyapokea.

Najua mngependa niwaambie nilikwenda nikavunja cherehani ya mtu. Sikuvunja kitu. Nilivuka ua, nikasimama mlangoni kwake. Aliponiona akaacha kushona, akaja mbio, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Umemfuata? Umemwona? Ni nani?"

Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa amekonda. Chini ya macho palikuwa peusi. Yule mtu alikuwa halali usingizi, na mimi nilikuwa nadhani halali kwa sababu yangu.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni yale magurudumu. Ni madogo, yanadanganya mita."

"Kwa hiyo zile tano..."

"Hakwenda popote. Kazini na nyumbani."

Nilitaka kuona atafanya nini. Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na furaha ikamjaa usoni, furaha ya kweli kabisa, ileile niliyotoka nayo kijiweni muda si mrefu.

"Asante Mungu," akasema. "Hana mwingine."

"Anaye," nikamwambia. "Mimi."

Akaniachia mikono.

Nimeandika haya nikiwa kwa dada yangu, leo siku ya kumi na moja. Mume wangu anapiga simu, sijapokea. Wenye ndoa zenu, ninalo moja tu la kuwaambia. Ukimpelekea mtu jambo la ndani kwako na akalia kuliko wewe, usimkumbatie haraka. Muulize kwanza analilia nini.