Wabia Wanne wa Dobi

SIKU KUMI KABLA. SAA 4:10 ASUBUHI.

Chumba cha nyuma cha dobi kilikuwa na joto la tanuri. Mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, meza ya pasi. Juu ya meza, palipofaa kuwa na shati, palikuwa na ramani.

Rula aliigonga kwa rula yake ya mbao. Haikumtoka mfuko wa nyuma hata akilala. Mtu huyo alipima kila kitu. Wanasema aliwahi kupima jeneza la kaka yake mwenyewe kabla hajalia.

"Ukuta huu tofali moja. Upande wa pili stoo ya sonara. Mlango ameweka wa chuma, kufuli nne. Ukuta kasahau."

"Amefanya vizuri," alisema Nyundo, mwashi wa zamani mwenye viganja kama sepetu. "Kelele je?"

"Alhamisi, saa sita na nusu anafunga akale. Anarudi saa saba na nusu. Tunawasha mashine ya kukaushia, tunatia viatu ndani."

Nyundo akacheka. Viatu kwenye mashine ile vilipiga kelele kama mbuzi kumi waliofungiwa ndani ya pipa.

"Na kutoka?" Huyu alikuwa Breki, dereva. Jina alipewa kwa kitu ambacho hajawahi kukitumia.

"Gari la dobi, magunia ya mashuka ya hoteli. Barabara zote mbili zina kizuizi cha polisi, lakini hoteli iko kabla ya vizuizi. Tunaingia geti la mbele na mashuka, tunatokea geti la nyuma, ng'ambo ya vizuizi, na dhahabu."

"Gari halitapita, shemeji."

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama mwenye dobi, mjane wa kaka yake Rula, mashuka yamempanda hadi kidevuni. Kwa miezi mitatu, tangu mazishi, shemeji yake alikuwa akiingia na kutoka pale kama kwake. Rula alikwisha kumwambia: piga kelele, na utafua nguo zako jela.

"Kwa nini lisipite?"

"Hoteli imenirudisha mara mbili mwezi huu. Namba ya mlipakodi ni ya marehemu. Duka lilikuwa lake peke yake, amekufa na namba yake. Marehemu halipi kodi, shemeji, na wala halipwi."

"Si tulibadilisha kibao?"

"Kibao si kitu. Ukibadilisha jina la duka, namba ni ileile. Ukihama mtaa, ileile. Akibadilika mwenyewe, ndipo unachukua mpya."

Rula alipima maneno hayo. "Basi kaichukue. Andika jina lako."

"Sawa. Ila getini siku hizi wanapita wenye majina kwenye cheti cha namba tu." Akaweka mashuka chini, taratibu. "Nitaendesha gari mwenyewe. Nyie mtanisubiri nje."

Breki alimtazama Rula. Nyundo akamtazama Breki.

"Yaani dhahabu iingie na shemeji yako, sisi tubaki nje tukipunga mkono?" Breki alisema. "Nyie ndugu. Mtatuzunguka."

"Niandikwe na mimi," Nyundo akaunga.

"Na mimi," akasema Breki.

Rula aliona watu wawili wakiandikwa na yeye hayumo. Hilo lilimuuma kuliko polisi. "Tuandikwe wote," alisema. "Ubia."

Mjane akainua mashuka yake. "Mtakavyo," akasema, akaenda zake.

SIKU TISA KABLA. SAA 3:25 ASUBUHI.

Karani wa ofisi ya kodi alivaa miwani mbili: moja puani, nyingine kichwani.

"Kitambulisho. Picha. Vidole."

"Vidole vya nini?" Rula aliuliza.

"Vya kwako, baba. Vyote kumi."

Nyuma kulikuwa na foleni ya watu ishirini na mlinzi mmoja. Breki alikuwa ameshaweka vyake, hataki kuachwa. Nyundo pia. Rula, aliyefanya kazi kwa glavu miaka ishirini na sita bila kuacha alama hata kwenye kikombe cha chai, akaweka dole gumba kwenye kioo. Kikawaka kijani.

"Sikilizeni," karani alisema akigonga mhuri. "Namba hii ni ya ubia wenu ninyi wanne. Mmoja akitoka, ubia umekwisha, namba inafungwa palepale. Mtakaobaki mje kuomba nyingine. Na cheti kitundikwe ukutani, mteja akione. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema wanaume watatu, wakifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na wino.

Mjane aliuliza tu ofisi inafungwa saa ngapi mchana.

"Hatufungi," karani alijibu. "Tunakula kwa zamu."

SIKU MOJA KABLA. SAA 10:40 JIONI.

Nyundo alikuta shati lake limepigwa pasi. Kifungo kilichopotea tangu mwaka juzi kilikuwa kimerudi.

"Nani amekutuma?" alimuuliza mjane.

"Hakuna. Nimelionea huruma."

Alilivaa. Shingo yake nene iliijaza kola. Asubuhi alikuwa amemsikia Rula akimwambia Breki gereji: tukishapita geti, hatuna haja na yule. Cheti chenye majina yetu nitakichoma. Atabaki yeye na tundu lake, awaeleze polisi.

"Mama," alisema, akitazama kifungo. "Kesho usiwe hapa."

"Nikiwa hapa?"

"Utabaki na tundu."

Mjane akakunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Na wewe?"

"Mimi nimezaliwa kuvunja kuta, mama. Siku moja zitaniangukia."

ALHAMISI. SAA 5:50.

"Nafuata sabuni," mjane alisema, mkoba begani.

"Sabuni ipo," Rula alisema.

"Ya kutoa madoa haipo. Hoteli watarudisha mashuka."

Rula aliangalia saa. Kaunta ilihitaji mtu, lakini mashuka yenye madoa yalihitaji maelezo getini. "Dakika ishirini."

"Hata hazifiki, shemeji."

SAA 6:31.

Mlango wa chuma wa sonara ulibamizwa, kufuli nne zikalia. Hatua zikaenda. Rula akatupa jozi tatu za viatu kwenye mashine, akawasha. Chumba kikaanza kutetemeka.

Nyundo akapiga. Vumbi likala macho. Tofali la kwanza. La pili.

SAA 6:44.

"Mwanamke hajarudi," Breki alipaza sauti kushinda kelele za viatu.

"Toboa!" Rula alimwamuru Nyundo.

"Nasema hajarudi!"

"Wewe umemwoa? Toboa!"

Mteja aligonga kaunta, akaita hodi mara tatu. Rula akatoka, kidevu kina vumbi la saruji. "Tumefunga. Bomba limepasuka." Mteja alitazama kidevu kile kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, akaenda na suti yake.

SAA 7:02.

Tundu lilitosha mabega ya Nyundo, na penye mabega ya Nyundo hata ng'ombe angepita. Masanduku matano ya mbao yakatoka. Yakafungwa ndani ya mashuka, mashuka ndani ya magunia. Jasho, vumbi, mvuke. Rula akang'oa cheti ukutani, akakiwashia kiberiti juu ya sinki.

"Kwaheri, shemeji," alisema.

Nyundo alitazama karatasi ikijikunja. Alifunga kifungo cha shati.

SAA 7:19.

Geti la hoteli. Mbele yao hakuna mtu. Nyuma yao lori la barafu likaegesha, likaziba njia.

Msimamizi wa stoo alichungulia. "Majina?" Wakataja. Akaitikia kwa kichwa, yapo. "Namba ya mlipakodi?" Rula aliisema kwa kichwa, tarakimu zote. Msimamizi akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena.

"Imefungwa."

"Nini imefungwa?"

"Namba. Leo, saa 6:41. Mbia mmoja ametoka kwenye ubia." Akageuza kioo wakione. Serikali inachelewesha mambo yote, lakini kufunga namba haijachelewa hata siku moja.

"Fungua geti," Rula alisema.

"Kalete namba mpya, mzee."

"FUNGUA!"

Walinzi wawili wakainuka kwenye viti. Breki akarudisha gari nyuma kwa kasi, akaona lori, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatafuta breki. Mguu haukujua ilipo. Kishindo. Mlango wa nyuma ukafunguka, gunia likadondoka, sanduku likapasuka. Bangili zikabingirika juu ya shuka jeupe, mpaka kwenye kiatu cha mlinzi.

Nyundo aliketi palepale akaanza kucheka. Alicheka akifungwa pingu.

SAA 9:15.

Mpelelezi alimkuta mjane kaunta, mkoba bado begani.

"Duka ni la nani?"

"Asubuhi lilikuwa letu wanne. Waulize ofisi ya kodi, wana picha na vidole vya kila mmoja." Akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kutoka kwenye ubia, mhuri saa 6:41. Ya pili ombi la namba mpya, jina moja, mhuri saa 7:08. "Kati ya mihuri hiyo nilikuwa nimeketi mbele ya karani. Alinikaribisha chai."

"Kwa nini hukuja kwetu mapema?"

"Shemeji alisema ningefua nguo jela. Nilitaka kwanza nijue atakayefua si mimi."

Mpelelezi alimtazama, kisha akalitazama tundu. "Utaitwa kutoa ushahidi. Utamtaja nani?"

"Wote. Ila kwa mmoja nitasema pia kwamba alinionya."

Polisi walipoondoka, mjane alikuta rula ya mbao imesahauliwa juu ya meza ya pasi. Wiki iliyofuata mwashi mwingine alikuja kuziba ukuta. Mjane akapima kiraka kwa rula ile, akatafuta katikati yake hasa, akapigilia msumari. Akatundika cheti chenye jina moja.

Kisha akaweka pasi motoni. Alikuwa na shati jingine la Nyundo, la shingo nene, la kupeleka mahakamani kabla ya saa tatu.