Nguo ya Matanga Yangu Niliishona Mwenyewe

Nina miaka arobaini na minane, ni fundi cherehani, naishi Rosettenville hapa Johannesburg. Niko hai. Jana nimekula ugali na samaki nikashiba. Lakini nyumbani kwetu Beni, Kongo, nilishafanyiwa matanga! Watu walikesha, wakapika maharagwe, wakanililia... na aliyelia kuliko wote ni mke wangu.

Wasomaji wenzangu, msidhani natania. Nawasimulia haya nikiwa bado na hasira, na sina haraka ya kuipoza.

Mke wangu nitamwita Thoko. Ni Mzulu, askari wa jeshi la Afrika Kusini. Tulijuana alipoleta suruali ya sare nimpunguzie kiuno. Tukafunga ndoa ya serikali, ile ambayo mali yote ni ya wawili, tukapata mabinti wawili, wa kwanza Zanele. Wakati huo nilikuwa na duka langu la ushonaji, na wateja walikuwa wakipanga foleni mpaka nje.

Kisha jeshi likaanza kumpeleka Thoko nchi za nje kulinda amani. Akiondoka, harudi upesi. Nani angebaki na watoto? Thoko akaniomba nifunge duka. "Baba Zanele," aliniambia, "mimi niko kazini kwa ajili yetu. Pensheni ya jeshi ni yako pia. Tutazeeka nayo."

Nikafunga duka! Mashine moja nikaileta nyumbani, nyingine nikauza. Nikawa mpishi, mfuaji, msuka nywele za watoto. Wanaume wenzangu kanisani walinicheka, wakaniita mama askari. Sikujali. Kila mwaka ambao Thoko alitumikia huko nje, niliuhesabu kuwa mwaka wangu pia. Sikuwa na akiba nyingine yoyote. Uzee wangu wote ulikuwa ndani ya ile pensheni.

Safari ya tatu wakampeleka Beni. Beni, nilikozaliwa! Nililia kwa furaha. Mimi nilikimbia vita nikiwa kijana, sijarudi tena, na sasa mke wangu anakwenda kumwona mama yangu! Nikampa kitenge cha Mama, picha yangu kubwa ndani ya fremu, na shati nililomshonea mdogo wangu Kasereka. Nikampigia Kasereka nikamwambia, huyu ni shemeji yako, mtunze kama ambavyo ungenitunza mimi.

Akamtunza... Tena alimtunza vizuri sana!

Thoko alipokuja likizo aliniomba nimshonee gauni jeusi. Alisema kambini kuna ibada ya kuwakumbuka askari waliouawa. Nilikaa kwenye mashine nikalishona kwa mapenzi, nikamtilia na kola ya lesi. Alipolijaribu nilimsifu. Nilisema limemkaa!

Baada ya hapo sikumsikia tena Mama. Hakuwa na simu yake, siku zote alitumia ya Kasereka. Nikimuulizia, Kasereka ananijibu kwa upole: "Kaka, Mama alikimbiaka vita, yuko kijijini. Kule rezo hakuna, simu haishike." Vita tunavijua, nikaamini. Mtu atamshuku vipi ndugu wa tumbo moja?

Jeshi liliporudi Afrika Kusini, Thoko akarudi mtu mwingine. Akahamia chumba cha watoto. Akasema ndoa yetu imechoka, tuachane bila kelele. Nibaki na vyombo vyote vya nyumba, naye atawasomesha watoto. Aliomba kitu kimoja tu, nitie saini mbele ya wakili wake kwamba fungu langu la pensheni nimemwachia.

Niliumia, lakini nilikuwa nimechoka. Nani anataka kushindana na askari? Nikakubali. Tukapanga Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kununua mboga. Nikiwa nachagua sombe, yale majani ya muhogo, nikasikia mwanamke anapiga yowe. Mfuko wake ukaanguka, nyanya zikabingirika barabarani. Nikamtambua, Mama Kavira, jirani yetu wa Beni, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika mjini kufanya biashara ya vitenge.

"Yesu wangu! Mumbere! Si weye ulikufaka?"

Nilidhani ana wazimu. Akanigusa mkono, akanigusa uso, akaanza kulia. "Tulikulilia siku tatu! Walisema walikuchoma moto kwenye fujo za kufukuza wageni, mwili haukuonekana. Bibi yako, ule askari, alikuja, alivaa nguo nyeusi ya kola ya lesi. Aligaragara chini, tulimshika kwa nguvu!"

Kola ya lesi... Kola ya lesi, wasomaji wenzangu!

Picha yangu ndiyo waliyoiwashia mishumaa. Kasereka alipokea rambirambi akiwa amevaa shati langu. Na kwa kuwa kwetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, wazee wenyewe wakamkabidhi Thoko kwa Kasereka. Bila mimi kufa wasingekubali kamwe! Wakaniua ili walale kwa baraka za ukoo.

Na pensheni? Mama Kavira aliniambia kila mtu Beni anajua: askari ataacha kazi, achukue pesa zake, ajenge nyumba kubwa na Kasereka. Nyumba ya uzee wangu mimi! Ukuta ulikuwa umeshafika madirishani.

Sikumwambia Thoko neno. Nilirudi nyumbani nikapika. Hata chakula nilimpakulia!

Jumapili Mama Kavira alimpigia mwanawe Beni. Wazee wakakusanywa uani kwetu, Mama katikati, Kasereka pembeni, wote wakidhani wanapewa salamu za biashara. Simu ikawashwa, nikatokea kwenye kioo. Kasereka akainuka. Mama hakuinuka. Aliniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Kama ni weye, uniambie ile kovu ya goti ulitoa wapi."

Nikamwambia, nilianguka kwenye baiskeli ya Baba, nimepakia kahawa. Mama akapiga kelele ambayo sitaisahau. Kasereka alifukuzwa uani palepale, na wazee wakamvua lile shati kwanza. Ndiyo, nilicheka! Nilicheka mpaka nikalia.

Jumatatu nikavaa suti, nikaenda kwa wakili. Thoko alikuwa ameshafika, ananukia vizuri. Akanisogezea kalamu. "Sayini tu, Baba Zanele. Eish, ni dakika moja."

Nikairudisha kalamu mezani. Nikamwambia kwa Kiswahili, kile alichofundishwa na mdogo wangu huko Beni, "Thoko, marehemu hatii saini."

Laiti mngeuona uso wake! Wakili aliuliza kuna nini. Thoko akaanza kukusanya karatasi zake. Nikaondoka polepole, nikifurahia kila hatua.

Mahakama ilituachanisha, na fungu langu likakatwa kwenye akiba yake ya pensheni, kwa miaka yote ya ndoa yetu. Yote! Hata ile aliyolala kwa Kasereka. Alikuja mlangoni kuniomba nimhurumie, akapiga magoti. Nilimwambia marehemu hana huruma, nikafunga mlango. Leo duka langu limefunguliwa tena, mabinti niko nao, na ule ukuta wa Beni unaota majani.

Mnasema nina roho mbaya? Semeni. Mama yangu alinyoa nywele kwa ajili yangu nikiwa hai. Mpaka leo nikimpigia huanza kwa kuniuliza habari za lile kovu, kila mara, kabla ya salamu. Hilo nani atanilipa?

Nawasihi ninyi mliobaki nyumbani, wake kwa waume, wenzenu wakitumikia mbali. Msifunge kazi yenu kabisa. Jueni haki yenu katika pensheni ya mwenzenu mapema, kabla hamjasogezewa kalamu. Na wazazi wenu wanunulieni simu yao wenyewe, msiwasikie kupitia mdomo wa mtu!

Na wewe Thoko, najua utasoma, Kiswahili unakijua. Lile gauni uliliacha kabatini. Nimelichanachana, nalifutia mafuta ya cherehani. Siku nitakapokufa kweli, usihangaike kutafuta lingine... hutaalikwa.