Pai ya Masuku kwa Mkono wa Bibi

Kila asubuhi nilifagia uwanja wetu pale Lizaboni, mjini Songea, nikateka maji bombani, kisha nikampelekea Bibi Lidwina uji chumbani kwake. Desemba ile nilifanya yote hayo nikiwa nimenuna. Nilifagia kwa nguvu mpaka Mama akaniuliza, "Theodosia, huo uwanja umekukosea nini?"

Ningeachaje kukasirika? Kila likizo ya Desemba mimi na binamu yangu Violeth tulikwenda kwa Bibi, kijijini Mpitimbi. Tuliokota masuku, yale matunda matamu ya porini, mpaka vikapu vikajaa, na Bibi akatupikia pai. Aliijua tangu usichana wake, alipofanya kazi jikoni kwa masista wa Peramiho. Wao walitia matunda ya bustanini, yeye akatia masuku. Miaka ile unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha, akawa anauweka chini ya kitanda kwa ajili yetu. Sasa maduka ya Songea yalikuwa yamejaa unga na siagi ya kopo, na ndipo kiharusi kikamlaza Bibi. Mkono wake wa kulia ulipooza, vidole vikajikunja. Ikabidi aletwe kwetu mjini, na Violeth naye akaja likizo hapo hapo. Hakuna Mpitimbi, hakuna pori.

"Mke mwenza," Bibi aliniita siku moja, maana ndivyo alivyozoea kunitania. "Mjomba wako ameleta masuku. Krismasi hii utapika wewe. Nisipokufundisha sasa, nitaondoka na pai yangu."

Maneno yale yalinikata maini. Nikakaa kitandani pake kumsikiliza. Masuku yalikuwa bado magumu, kwa hiyo yavundikwe kwenye pumba siku tatu mpaka yalainike. Unga konzi nne, siagi konzi moja.

"Ila upime kwa mkono huu," alisema, akiuinua ule uliopooza kwa msaada wa ule mzima. "Konzi zangu, siyo zako. Hizo zako ni za mtoto."

Niliutazama mkono ule, nikageuza uso. Niliuchukia! Ndio uliotunyima Mpitimbi.

"Nitapima kwa kikombe," nikasema, nikatoka kwenda kuyavundika masuku.

Kesho yake tu nikafukua masuku. Violeth akayabonyeza moja moja.

"Bado magumu haya. Bibi kasema siku tatu."

"Bibi, Bibi! Nani anapika hapa, wewe au mimi?"

"Haya, mpishi mkuu. Mimi simo."

Nikayapasua kwa kisu, nikakwangua nyama yake, nikamimina sukari nyingi ili kuficha ukakasi. Nikakanda unga, nikayafunika nao ndani ya sufuria, nikaiweka jikoni, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Harufu ilipotoka nikajiona nimeshinda.

Mama alimlisha Bibi kipande cha kwanza. Bibi alitafuna mara moja, uso ukamkunjamana, akakitema. Mama naye akaonja, ukakasi ukamshika ulimi.

"Ala! Nani kamharibia mama yangu chakula namna hii?"

"Violeth!" nilisema haraka. "Nilimwachia avundike masuku, akayatoa mapema bila kuniambia."

Kijiko kikamdondoka Violeth. "Mwongo! Mwongo mkubwa we!"

"Nyamaza!" Mama alifoka. "Ndiyo adabu ya mgeni hiyo? Kesho asubuhi unarudi kwenu Mbinga."

Violeth aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake, akizibamiza kwenye mkoba. Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni, na kila alipobamiza nguo nami nilishtuka.

"Theodosia."

Ilikuwa sauti ya Bibi. Hakuniita mke mwenza. Nilipoingia alikuwa ameketi wima.

"Dirisha langu linatazama jikoni," alisema. "Kilichopooza ni mkono. Masikio ni mazima!"

Nikatazama chini.

"Pai mbaya nimekula nyingi, hata mimi nimeziunguza. Lakini mjukuu wangu kumsingizia mwenzake mpaka afukuzwe sikukuu? Umenikasirisha, mtoto wewe! Simwambii mama yako. Utamwambia mwenyewe, sasa hivi, na Violeth akiwepo. Ukishindwa, pai hii humu kichwani mwangu itabaki humu humu."

Nilikwenda kwa Mama, nikamwita na Violeth. Nilisema yote, toka pumba mpaka sukari. Mama alinigombeza vikali, kisha akamgeukia Violeth, akamwomba radhi, mtu mzima akimwomba mtoto. Aibu niliyoiona siku hiyo siisahau.

Masuku yaliyobaki tuliyavundika upya, mimi na Violeth, bila kusemezana. Siku ya tatu yalibonyea kwa kidole. Nikapeleka bakuli la unga kitandani kwa Bibi, nikaushika mkono wake kwa mara ya kwanza tangu augue. Ulikuwa na joto, kama zamani. Nikakunjua vidole kimoja kimoja, nikajaza unga kiganjani, nikavikunja tena. Konzi ya kwanza. Ya pili. Kufika ya nne nilikuwa nalia, na Bibi hakuninyamazisha.

Pai ilipoiva, Bibi alitafuna polepole, akafumba macho.

"Mpitimbi," alisema. Halafu akanitazama. "Sikiliza, mke mwenza. Hasira hata mimi ninazo, za mkono huu, kila asubuhi nikiamka. Kasirika, lakini usimtwishe mwenzako kosa lako kwa sababu ya hasira. Na kazi inayotaka siku tatu, ipe siku tatu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

Nilimpa Violeth kipande kikubwa kuliko vyote, nikamwambia, "Nisamehe." Alikimaliza chote, akajifuta mdomo.

"Nimekusamehe, ila bado nimekasirika," alisema, akanisogezea sahani. "Nikatie kingine."