Vikasa vya Muhsina

Likizo ya Agosti ilipofika, kazi za asubuhi nyumbani kwa kina Muhsina, kule Munje, hazikuhitaji kutajwa. Mama yake, Mwanafatuma, aliondoka alfajiri kwenda Diani, alikofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Muhsina, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alifagia uwanja, akateka maji, akawafungulia kuku, kisha akaikabili kazi iliyomshinda kuliko zote: kumlisha mdogo wake.

Ishak alikuwa na miaka mitano. Malaria ilikuwa imemlaza wiki nzima, na ingawa homa ilikwisha, hamu ya kula haikurudi. Ukimpa uji, alikunywa vijiko viwili. Ukimpa wali, aliuchokoachokoa mpaka ukapoa. Kaptura yake sasa ilishikiliwa kwa pini. Pale zahanati, muuguzi aliyeitwa Sista Caroline alimpima, akaandika kilo kumi na nne, akamwambia mama, "Mrudishe baada ya siku kumi. Akiongezeka, sote tutafurahi. Akipungua, itabidi nimwandikie barua ya hospitali kubwa."

Siku kumi! Muhsina alizihesabu njiani, akaona ni chache mno.

Jioni ile, katika simu ya mama, alikuta video ya mwanamke wa nchi za mbali akipika mikate kwa mvuke na kuifinyanga maumbo ya wanyama. Kulikuwa na sungura, dubu, vifaranga na hata nguruwe, ambaye Muhsina alimpitisha haraka mama asije akamwona. Mikate ilitoka sufuriani imenona, laini, ikiwatazama watu. Muhsina aliitazama video ile mara nne.

"Mama, nikimpikia Ishak hivi, hatakataa."

"Jaribu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ya uchovu. "Tumeshajaribu kila kitu."

Kuchagua mnyama hakukumpa shida. Mjomba wao, Mbwana, ndugu wa mama, alikuwa mmoja wa watu waliolinda mayai ya kasa ufukweni mpaka watoto waanguliwe na kuingia baharini. Ishak alikuwa amekwenda naye mara mbili, na tangu hapo ilikuwa kasa asubuhi, kasa jioni, kasa hata usingizini.

Basi Muhsina akaingia kazini. Alitwanga mchicha, akaukamua, akatumia maji yake ya kijani kukandia unga wa ngano na hamira. Unga mwingine akauacha mweupe kwa ajili ya vichwa na miguu. Ndani alitia kunde zilizopondwa kwa tui zito, kwa kuwa sista alikuwa amesisitiza mtoto ale kunde na maharagwe. Hakuwa na chombo cha kupikia kwa mvuke kama cha kwenye video, lakini nyumba ya Kidigo haikosi kung'uto la ukindu, lile chujio la kusuka la kukamulia tui. Alilipachika juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akalitandika jani la mgomba, akafunika.

Siku ya kwanza, matone ya maji yalidondoka kutoka kwenye kifuniko na vikasa vikatoka vimelowa na kubanduka ngozi. Siku ya pili alifunga leso kwenye kifuniko ili inywe matone yale, lakini pupa ikamponza. Akafunua kabla ya wakati, na vikasa vyote vikanywea mbele ya macho yake. Msichana mwingine angetupa unga na kususa. Muhsina alikaa chini, akalia kidogo, akafuta kamasi, akakanda tena.

Siku ya tatu alikanda mpaka unga ukawa laini kama ncha ya sikio. Alichora magamba kwa mgongo wa kisu, akaweka macho ya mbegu nyeusi za habasoda, mawili mawili, kwa ncha ya mwiba. Alipofunua, mvuke ukapanda, na chini yake vilikuwepo vikasa sita, vimeumuka, vina magamba ya kijani yanayong'aa, shingo zimenyooshwa mbele. Ilikuwa kazi safi, na hata anayesimulia habari hii angetamani mikono kama ile.

Ishak alipoviona, alicheka. Tangu augue hakuwa amecheka.

"Wangu?"

"Wako wote."

Alichukua sahani kwa mikono miwili, akaingia nayo chumbani taratibu. Baadaye akarudi na sahani tupu.

Jioni mama alipouliza, Muhsina alijibu kwa furaha, "Amemaliza vyote!" Mama aliketi pale pale mlangoni, akasema alhamdulillahi mara tatu, akambusu binti yake kwenye paji la uso. Siku iliyofuata, rafiki wa Muhsina, Mbodze, alikuja kutazama.

"Haki ya Mungu, Muhsina, hiki kinanitazama!" Mbodze alisema, akapiga picha kwa simu ya dada yake. Kufika adhuhuri picha ilikuwa imeshazunguka Munje nzima. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakishika viuno na kusema mashallah. Mmoja akamwita Fundi Muhsina, na jina likashika. Kusema kweli, kichwa kilimvimba kidogo. Na kwa kuwa Ishak alishashiba vikasa, hakuna aliyemsumbua tena kwa uji zaidi ya vile vijiko vyake viwili.

Siku ya sita, Muhsina alipokuwa akifagia chumbani, aliona msururu wa sisimizi ukiingia chini ya kitanda. Aliinama, akavuta boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na mchanga, na juu ya mchanga vikasa vyake vyote, vimepangwa safu juu ya safu, vichwa vimeelekea upande mmoja. Vya chini vilikuwa vimeota ukungu. Hakuna hata kimoja kilichong'atwa.

Kumbe havipendi! Jambo la kwanza lililomjia halikuwa njaa ya Ishak. Aliwaza Mbodze atasema nini, na majirani, na mama aliyekwisha kumsifu hadi kwa wenzake kazini. Akabeba boksi mpaka nyuma ya nyumba, akawamwagia kuku. Kuku walivila vyote, hata macho ya habasoda. Boksi akalirudisha tupu, akajiambia kwamba vya leo atavitia sukari na mtoto atakula, na neno litakuwa limekwisha.

Aliongeza sukari. Ishak alilikuta boksi tupu, akaruka kwa furaha, akaomba vikasa vingine. Muhsina hakuelewa, wala hakuuliza. Mama alipouliza jioni, "Amekula?" alijibu, "Amekula." Siku ya saba alichungulia boksini, akaviona vimepangwa tena, lakini akasema hivyo hivyo, na ya nane, na ya tisa. Kila aliposema, sauti yake ilipungua kidogo, lakini alisema.

Siku ya kumi wote watatu walikwenda zahanati.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, wanangu. Haya, bwana mkubwa, panda."

Sista Caroline alitazama mzani, akamshusha Ishak, akampandisha tena. "Kumi na tatu na nusu. Amepungua, mama."

"Haiwezekani!" mama alisema. "Sista, anakula mikate sita kwa siku, ina kunde na tui. Dada yake ndiye anayempikia."

Sista akavua miwani. "Mtoto anayekula hivyo kisha akapungua ana kitu ndani, mama. Sitaki kubahatisha. Nitamtoa damu sasa hivi, na barua naandika. Huenda wakamlaza siku kadhaa."

Mama alishika ukingo wa meza. Ishak, aliyesikia neno damu, alijificha nyuma ya buibui la mama. Sista akafungua droo, akatoa sindano na pamba.

Muhsina aliitazama sindano ile. Akisema, ufundi wake wote utaanguka papo hapo mbele ya foleni ya kina mama waliosubiri mlangoni. Asiposema, mdogo wake atachomwa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Akapiga moyo konde.

"Sista, usimchome! Hali vikasa vile. Hajala hata kimoja."

Mama aligeuka polepole. "Wasemaje?"

"Alivificha chini ya kitanda, mama. Niliviona siku ya sita, nikawapa kuku. Nilidanganya. Niliogopa mtasema sijui kupika."

Mama akageuza uso, na hilo lilimuumiza Muhsina kuliko kofi. Sista aliweka sindano chini, akachuchumaa mbele ya Ishak.

"Ishak, mikate ya dada ni mibaya?"

Ishak akatikisa kichwa.

"Basi mbona huli?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao, kana kwamba mtu mzima ameuliza jambo la kitoto. "Kasa haliwi," alisema. "Mjomba Mbwana alituambia. Ukimwona kasa, usimpige, usimle, mwache aende baharini. Mimi niliwawekea mchanga. Wale wa kwanza wameshaenda. Nilikuta boksi tupu."

Sista Caroline aliziba mdomo kwa mkono. "Na njaa, je? Hukuwa ukiisikia?"

"Nilikuwa nikiisikia," Ishak alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nawanusa tu."

Kina mama waliokuwa mlangoni walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama alimbeba mwanawe, akauficha uso wake kwenye shingo ile nyembamba. Sista naye alipangusa macho.

"Nimefanya kazi miaka mingi," alisema, "sijapata kuona mlinzi wa kasa anayelinda hata wa unga. Barua nitaichelewesha wiki moja. Mpeni chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku: kunde, mayai, samaki. Na kila anapokula, mtu akae naye amwone kwa macho." Alimtazama Muhsina. "Umesema kwa kuchelewa, lakini umesema. Nilikuwa na sindano mkononi."

Alasiri, Muhsina alikanda tena. Safari hii alimkalisha Ishak kando yake na kumuuliza kwanza. Ni swali ambalo lingewatosha tangu siku ya kwanza.

"Nikupikie mnyama gani?"

Ishak alifikiri kwa makini. "Anayeliwa."

"Samaki changu analiwa?"

"Sijui. Tumuulize mjomba."

Mjomba Mbwana akaitwa. Alipoelezwa mambo yote, hakucheka hata kidogo. Aliketi mkekani, akakiangalia kisamaki cha unga alichoonyeshwa, kilichopakwa rangi ya mbegu nyekundu za mrangi uliokuwa ukimea nyuma ya nyumba, kina magamba yaliyochorwa kwa kijiko na jicho la habasoda.

"Changu analiwa," alitangaza. "Tafi analiwa. Pweza analiwa. Na kasa aliyepikwa na dada yako ni mkate, Ishak, naye analiwa. Lakini sitakulazimisha."

"Kasa sitaki," Ishak alisema.

"Vyema. Watu wote wangekuwa kama wewe, nisingekuwa nalinda mayai."

Vichangu vilipoiva, Muhsina alikaa kwenye mkeka karibu na mdogo wake. Ishak alikigeuza kimoja, akamtazama mjomba kwa mara ya mwisho, kisha akang'ata mkia. Kunde zikamtokea pembeni mwa mdomo. Akang'ata tena, sasa kwa meno yote.

Mama alikuja kuketi nao. Alimpangusa Ishak kunde mdomoni, kisha akamgeukia binti yake.

"Muhsina, mikono yako ina ufundi, na sifa hiyo sitakunyima. Siku mbili ulikanda na kuharibu, hukukata tamaa, na mimi nilijivuna kwa ajili yako. Lakini tazama. Mtoto wa miaka mitano ameshinda na njaa asivunje neno alilofundishwa. Wewe wa miaka kumi na miwili ulivunja ukweli ili watu wasiache kukusifu. Nani alitufundisha leo?"

"Ishak," Muhsina alisema, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Chakula hakipikwi kwa ajili ya picha, mwanangu, hupikwa kwa ajili ya anayekula. Kikikataliwa, si aibu. Aibu ni kuficha. Ungeniambia siku ile ile ya sita, tungeulizana, tungecheka, na mdogo wako angekula siku nne mapema. Ukiulizwa, sema ulichokiona. Hata kiwe kidogo, hata kikuumbue."

Aliinuka kwenda kutawadha, kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia. Alipofika kizingitini aliuliza bila kugeuka, "Amekula?"

Muhsina alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Aliinama, akahesabu vilivyobaki sahanini, akaangalia na kilichokuwa mkononi mwa Ishak.

"Amekula viwili, mama," alisema. "Cha tatu amekula mkia tu."